Matundu Kumi na Mawili ya Depo

Fizi-Centre, tarehe 14 Machi 2001

Mdogo wangu Émilienne,

Karatasi hii nimepewa na watu wa Msalaba Mwekundu, na sharti lake nimeambiwa mara mbili, kana kwamba mimi ni mgumu wa kusikia: habari za familia tu. Siasa hapana, askari hapana, na nisiigundishe, maana itasomwa njiani. Basi pokea habari za familia. Mimi yaya yako Placide, kaka yako mkubwa, ni mzima. Mama hasumbuliwi na miguu tena. Namsalimu shemeji Norbert, na watoto wetu Gentille na Dieumerci. Aliyenipa jina la kambi yenu huko Kigoma Mungu ambariki, kwani tangu mlipovuka ziwa kutoka Swima, baada ya ile habari ya Makobola, ni miaka miwili nilikuwa sijui niwahesabu upande gani.

Nafasi imebaki kubwa, nami sina la kuijazia isipokuwa jambo moja ninaloliangalia kila siku. Usinicheke. Ni shomoro.

Fundi mwashi asipojenga ni mtu wa kukaa tu, na huku hakuna anayejenga. Kwa hiyo nakaa mbele ya ile depo ya zamani ya kahawa, niliyoijenga kwa mikono yangu mwaka 87, naangalia. Zamani mtaa wetu peke yake niliwahi kuhesabu viota arobaini na vitatu, karibu vyote chini ya nyasi za mapaa. Leo viko vitano. Watu wanasema ndege wamekosa chakula. Uongo mtupu. Nafaka zinamwagika barabarani kila siku magunia yanaposhushwa, na shomoro wanakuja asubuhi kutoka mashambani, wanakula wanashiba, jioni wanaondoka. Mtu anayekula kwako akaenda kulala kwingine hakukosa chakula, amekosa mahali. Mapaa ya nyasi hayapo. Zimekuja bashi, zile plastiki za msaada, na shomoro hawezi kuingiza hata unyoya chini ya bashi, linateleza na linapiga makofi kwa upepo.

Halafu nikaikumbuka depo yenyewe. Tukijenga ukuta mrefu huwa tunaacha matundu ya kuchomeka miti ya kupandia, na kazi ikiisha yanazibwa. Mimi niliyaacha kumi na mawili wazi kwa ajili ya ndege hawa hawa. Bwana Roger, mwenye depo, alinifokea mbele ya vibarua wote mpaka nikayaziba kwa udongo. Sasa Roger hayupo wa kunifokea. Nataka niyafungue nione.

Ni mimi, yaya yako,
Placide


Kambini, Kigoma, tarehe 2 Juni 2001

Yaya Placide,

Barua yako niliipokea nikiwa kwenye foleni ya maji. Nilitoka kwenye foleni nikaenda kuisoma, nikapoteza zamu, na siku ile tulipika jioni sana, lakini hakuna aliyenung'unika.

Kwanza mama. Niambie ni dawa gani mmempa. Ile miguu ilivyokuwa imevimba, mpaka tulipoagana alinisindikiza kwa macho tu, ameshindwa kufika hata kwenye njia, na leo unaniandikia haimsumbui! Nimelia kwa furaha, sioni aibu kusema. Mwambie asijifanye kijana akaanza kubeba mihogo. Karatasi hii sikuitia katika ile njia ya kawaida, anakuletea Alphonse, mchuuzi wa sabuni na chumvi, na pamoja nayo viatu vya mama, vya plastiki ngumu, namba thelathini na tisa. Kwa kuwa miguu imepona sasa vitamwingia.

Pili, nimekuelewa. Usidhani huku tumelala. Barua zetu zote zinasomwa njiani, hata za mkononi zinafunguliwa bandarini, kwa hiyo tumejifunza kusoma neno lililo chini ya neno. Fundi wetu wa kazi hiyo ni jirani yangu Mama Pulchérie. Ana binti yake Aline huko Baraka, na kwa kuzisoma barua za Aline amekuwa kama mwalimu, watu wanatoka mwisho wa kambi kumletea zao. Yako aliisoma mara tatu, akaikunja polepole, akasema: “Yaya yako iko na akili sana. Haandike hata neno moja ya mubaya, na yote ameisema.” Norbert peke yake alishikilia kwamba barua ya shomoro ni barua ya shomoro, kwa sababu wewe ni mtu wa ndege tangu ujana. Tulimwonea huruma.

Basi nami nakujibu kwa lugha yako. Huku ninao shomoro wanne, wawili wakubwa na makinda mawili. Wanakula, hawafi njaa, lakini mahali hapa si pao na wanajua. Je, chini ya paa la baba pana nafasi? Nijibu vile vile ulivyoanza.

Mdogo wako asiyekusahau,
Émilienne


Fizi-Centre, tarehe 20 Septemba 2001

Mdogo wangu,

Alphonse amefika salama. Viatu vya mama nilivipokea, nikampelekea mwenyewe hadi alipo, nikaviweka miguuni pake. Alphonse alikuwepo.

Hayo ya neno lililo chini ya neno sikuyapata vizuri, nadhani ni wino ulioingia maji. Lakini nimefurahi mno kusikia unafuga shomoro, sikujua una moyo huo. Usiwafungie tu. Na kama ni lazima kuwahamisha, wahamishe mapema, kabla hawajazoea kujenga huko, maana wakizoea hawarudi. Chini ya paa la baba hakuna nafasi tena. Lakini ukutani, upande wa mashariki, limebaki tundu moja zuri, kavu, na mpaka leo halijashikwa na mtu.

Sasa sikia habari ya depo. Tarehe tano Aprili nilichukua mti mrefu nikayazibua yale matundu yote kumi na mawili. Siku ya tatu mawili yalikuwa na nyasi ndani. Wiki mbili hazijaisha, yote kumi na mawili yana wenyewe. Ikaja jozi ya kumi na tatu, imechelewa, ikapigana kwenye mlango wa tundu la saba tangu asubuhi mpaka jua likawa kali. Dume lilinyonyolewa shingo. Mwisho wakaenda zao na sijawaona tena. Niliwasikitikia kama watu. Hesabu ndiyo hiyo, Émilienne: chakula ni kile kile na mtaa ni ule ule, ukiongeza tundu wanaongezeka, matundu yakijaa basi imekwisha, anayechelewa anageuzwa mlangoni. Kuna siku natamani niende nyumba hadi nyumba niwaeleze watu, ila watanifunga kamba wakidhani nimerukwa na akili.

Hapa mvua hakuna kabisa. Tangu mwezi wa sita hatujasikia hata tone.

Wasalimu wote, na hao ndege wako pia.

Placide


Kambini, tarehe 11 Januari 2002

Yaya,

Barua yako ilizunguka, imetufikia siku tatu kabla ya Krismasi, na Krismasi yetu imekuwa ya kweli. Mama Pulchérie alipofika kwenye mvua alisimama. Barua za Aline zote zinasema Baraka mvua haikatiki, sasa kumbe huko juu Fizi hata tone! Aliwaita majirani akawasomea mstari huo peke yake. Tuliimba. Niliimba na kwa ajili ya miguu ya mama, nikacheza mpaka kanga ikafunguka, na Gentille akaniambia nimemwaibisha.

Lakini hayo mengine yamenitoa usingizi. Matundu kumi na mawili kwa wiki mbili tu! Na hao waliochelewa, wakanyonyolewa mbele ya mlango! Mimi sitaki kuwa jozi ya kumi na tatu. Chelewa chelewa utamkuta mtoto si wako. Nimemwambia Norbert tundu la mashariki halimngoji yeye. Anasema tukae kwanza tuone, kwamba kadi ya mgao ukishairudisha hupewi nyingine, na kwamba wewe unazungumzia ndege. Tumegombana, tumepatana, tumegombana tena. Nimeshinda mimi.

Kadi tutairudisha Jumatatu ya wiki takatifu. Mwenye mtumbwi wa mashine amekubali. Shomoro wanne wataruka wiki ya Pasaka, watatua Baraka, na kutoka hapo watapanda wenyewe mpaka Fizi. Lishikilie lile tundu hata kwa kulilalia. Gentille amekwisha kumpa jirani kuku wake wawili, na Dieumerci, ambaye Fizi haikumbuki hata kidogo, ananiuliza kila asubuhi kama milima ya huko inapandika. Mwambie mama asinipikie kitu kikubwa. Sombe tu ya majani ya mihogo, anayotwanga yeye.

Mdogo wako anayefunga mizigo,
Émilienne


Fizi-Centre, tarehe 19 Februari 2002

Émilienne,

Kaa chini. Kama umesimama, mpe Norbert karatasi hii, ukae, na Mama Pulchérie awe karibu yako, ndipo uendelee.

Barua yako nimeisoma siku mbili nikidhani ni habari ya ndege. Nilikuwa najiuliza shomoro watavukaje ziwa pana hivyo. Mpaka nikafika pale kwenye kuku wa Gentille, ndipo nikarudi mwanzo nikaisoma upya. Alphonse anaondoka leo hii na nimemwapisha asilale njiani mpaka aiweke barua hii mkononi mwako. Wakiifungua bandarini waifungue.

Shomoro ni shomoro. Ni wale wa rangi ya kijivu na kahawia, wanaokula punje. Kumi na mbili ni matundu ya depo ya kahawa, na waliohamia humo ni ndege, si watu. Hakuna mtu aliyerudi. Tundu la mashariki linaingia ngumi yangu moja, haliingii mtu. Paa la baba halipo, nyumba ilichomwa, zimebaki kuta tatu na nusu. Na mvua niliyoiandika ni mvua ya mawinguni, ya kulowesha mihogo, nilikuandikia mwezi wa tisa ambapo huku hainyeshi hata kwa mganga. Ile mvua ya kwenu, ya risasi, inanyesha. Wiki iliyopita imenyesha siku tatu. Njia ya Baraka kuja Fizi hakuna anayeipita akiwa na watoto. Msirudishe kadi. Msipande mtumbwi. Norbert alinisoma vizuri kuliko ninyi nyote.

Sasa lile lingine. Unajua kwetu kifo hakiandikwi. Habari yake inapelekwa na mtu mzima, kwa mdomo, na anayepewa anakalishwa kwanza, na watu wa kumshika wako karibu. Mimi sikuwa na mtu mzima wa kumtuma, na barua ya Msalaba Mwekundu inamkuta mtu kwenye foleni ya maji. Kwa hiyo niliandika kwamba miguu haimsumbui tena. Niliona sijasema uongo.

Mama alifariki tarehe 9 Januari 2001, msituni, siku ya sita ya kujificha. Hakuna aliyempiga. Ni homa na baridi, na miguu ilikataa. Nilimbeba mgongoni siku nne. Alikuwa akinisumbua nimshushe, anasema: “Placide, niteremushe. Mugongo yako itavunjika, na ni wewe peke yako mi nabakia naye huku.” Siku ile ya sita alinyamaza, nikashukuru kwamba amepata usingizi, nikaendelea kutembea naye mpaka jua likapinda. Nilimzika mimi na wanaume wawili wa Makobola, walionusurika yale mauaji, ambao majina yao sikuyauliza, na hilo linaniuma. Viatu vyako nilivifukia miguuni pake.

Nilipoandika wazi ulisoma fumbo, na nilipofumba ulisoma wazi. Kosa si lako, ni langu mimi niliyeanza. Nilijaza karatasi kwa ndege kwa sababu nilijua nikiacha nafasi nitalazimika kumwandika mama. Lakini yale ya ndege ni ya kweli yote, sikuongeza hata kimoja.

Nisamehe kwa kukufikishia kifo kwa karatasi. Afadhali umlilie mama uko hai, kuliko uje.

Yaya yako,
Placide


Kambini, tarehe 14 Aprili 2002

Placide,

Alphonse alitufikia Jumapili ya Matawi. Kadi ilikuwa irudishwe kesho yake. Basi tuko hapa hapa, wanne, wazima, na kuku wa Gentille jirani amekataa kuturudishia, amekwisha kuwala.

Sikukaa chini kama ulivyoniambia. Niliisoma nimesimama, kwa sababu mtu hawezi kusoma “kaa chini” akakaa. Nilipoanguka Mama Pulchérie alinidaka. Matanga tumeyafanya siku tatu, watu wa Fizi na wa Baraka walioko humu walikuja wote, hata wasiomjua, wakalala nje kwenye vumbi pamoja nami. Kwa hiyo mama yetu ameliliwa. Nakuambia ili upumzike.

Sasa nina hasira, na nitakuandikia nikiwa nazo. Mwaka mzima na zaidi, Placide! Nimetafuta viatu vya maiti, nimevijaribisha kwenye mguu wa jirani ili visimbane. Krismasi nimecheza kwa miguu ya mtu aliyekwisha kuoza. Majirani walinicheka kwa furaha yangu, nami nikawachekea. Umenifanya mtoto asiyemlilia mama yake. Alphonse aliviona viatu vikifukiwa, akarudi hapa, akala bugali na samaki ndakala mkekani kwangu, nikamwuliza mama anaonekanaje, akasema ametulia. Nyote mlinihurumia, na huruma yenu nusura iwaue watoto wangu. Mficha maradhi kilio humfichua, na kilio chako kilikuwa kimebaki wiki moja kitufichue sote katikati ya ziwa.

Norbert hajasema “niliwaambia” hata mara moja. Hilo linanichoma zaidi.

Mama Pulchérie ameacha kusoma barua za watu. Alikaa siku kadhaa hatoki nje, halafu akanijia akasema: “Mi niliwachezea na roho ya batoto bako. Unisamehe.” Nimemsamehe yeye kwanza kwa sababu yuko karibu. Wewe bado.

Kuanzia leo uniandikie kifo kama kifo na shomoro kama shomoro. Kama huwezi, usiniandikie kabisa.

Émilienne


Fizi-Centre, tarehe 30 Novemba 2003

Émilienne, mdogo wangu,

Barua yako nimekaa nayo mwaka na nusu. Ulisema nisipoweza kuandika kweli nisiandike, na muda wote huo kweli niliyokuwa nayo ilikuwa mbaya, ningekuandikia mngelala vibaya bure. Leo ninayo ya kuandika, nami naiandika kama fundi anavyomwonyesha mwenye nyumba ukuta, pamoja na nyufa zake.

Milio imenyamaza tangu mwezi wa saba. Simaanishi mvua, namaanisha bunduki. Wenye bunduki bado wapo, wamekaa tu, wanaomba sigara. Barabara ya Baraka inapitika mchana, kwa miguu, na watu wanaipita na watoto. Wachache wameliwa na mabomu yaliyofukiwa kandokando, kwa hiyo hakuna anayetoka njiani hata kwa haja ndogo. Shule imefunguliwa darasa tatu, hazina madawati. Dawa hakuna. Kiwanja chetu ni chetu, hakuna aliyekishika, nimekaa juu yake kwa ukaidi. Kuta zimekuwa nne. Paa ni la nyasi upande mmoja, upande wa pili ni bashi.

Waliorudi ni wachache, na si wote wanaosubiriwa sawa. Yule Mukashema aliyekuwa akitushushia maziwa kutoka milimani hajaonekana, na watu hawapendi nimtaje kwa sababu ya kabila lake. Mimi namtaja. Alikuwa akimwekea mama kibuyu chake pembeni.

Kaburi la mama nimelifikia mara mbili. Nimelijengea mawe. Yule mmoja kati ya wanaume wa Makobola nimempata, anaitwa Fabien, jina la mwenzake ameniambia ni Patrice, na Patrice amekufa. Sasa nayajua majina yote mawili.

Shomoro, kama shomoro: jozi thelathini na moja. Depo ni zile zile kumi na mbili, haitaongezeka hata moja mpaka mwisho wa dunia, kwa sababu matundu ni kumi na mawili. Hao wengine wameletwa na nyasi za watu wanaoezeka. Anayepata mabati anaziba kila upenyo kwa sementi, nami namwomba aache upana wa vidole vitatu chini ya ukingo, ananicheka, lakini wawili wameacha. Nakuandikia haya kwa sababu ni kweli, hayana kitu chini yake.

Siwaambii mje. Siwaambii msije. Mkiuliza mimi ningefanya nini ningekuwa na watoto, jibu ni kwamba sijui, nami nimeona aibu kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Placide


Baraka, tarehe 17 Februari 2004

Yaya Placide,

Ukipata barua hii usiamke mbio. Tuko Baraka, wote wanne, tumeshuka jana asubuhi. Dieumerci ametapika ziwa zima, sasa analala. Tumehifadhiwa na watu wa kanisa pamoja na familia nyingine sita.

Barua yako ya Novemba tuliisoma bila msaada wa mtu. Norbert aliisoma, mimi nikaisoma, akafika kwenye “sijui” akasema huyo ndiye shemeji yake, kwa huyo anaweza kwenda. Ungetuambia njooni tusingekuja. Tulirudisha kadi wiki iliyofuata baada ya mwaka mpya, na safari hii mimi ndiye niliyesita.

Nilitaka tuanze kupanda kuja kwako kesho alfajiri. Hatutaanza, na nataka nikueleze kwa nini, maana kuna jambo limenitokea jana ambalo sikulitegemea.

Mama Pulchérie amefariki. Ni tarehe 27 Desemba, kifua, usiku mmoja tu. Nilimwosha mimi. Alikuwa amefunga vitu vyake kwenye gunia ili avuke pamoja nasi, na neno lake la mwisho kwangu lilikuwa kwamba nimtafute Aline nikifika Baraka. Sikumwandikia Aline. Nilisema hapana, habari hii nitaifikisha kwa mdomo, nitamkalisha, nitafanya kama wazee walivyotufundisha, si kama Placide. Nilikuja nayo kwenye mtumbwi usiku kucha, naipanga maneno.

Jana, hatujamaliza hata kushusha mizigo, mwanamke mmoja mwenye beseni la samaki kichwani alikuja anauliza kila mtu anatoka kambi gani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, ana paji la uso la mama yake. Nilipomtajia jina langu aliruka, beseni likayumba, akacheka, akaniuliza hapo hapo majini, wote tumesimama: “Basi mama uliacha namna gani?”

Nikafungua mdomo, Yaya. Maneno niliyoyapanga ziwa zima yote nilikuwa nayo. Nikasikia sauti yangu inasema: “Niliacha amelala.”

Akashukuru Mungu. Alinikumbatia. Amenipa samaki wanne, wakubwa, akakataa kabisa nimlipe, akaenda anaimba.

Samaki tumewapika, watoto wamekula. Mimi sijawagusa. Miaka miwili nimekubebea hasira, nimezikunja na kuzikunjua, na kilichohitajika ili nikuelewe ni mwanamke mmoja kunitazama akiwa na furaha. Sikukosa ukweli pale, nilikosa mahali pa kuuweka. Hiyo barua yako ya “kaa chini” sasa najua iligharimu nini, nami nilikujibu kwa matusi. Nisamehe wewe sasa.

Nimemwuliza mke wa katekista nyumba ya Aline, ameniambia ni nyuma ya soko. Amekubali kunisindikiza pamoja na akina mama wengine wawili. Kesho mapema, kabla hajabeba beseni, tutaingia, tutamwomba tukae, naye atalazimika kukaa kwa sababu wageni wamekaa. Gunia la mama yake nitalibeba mimi. Halafu nitabaki naye siku tatu, alizobaki mama yake nami.

Kwa hiyo ukiipata hii usitoke kwenda kuangalia njia. Wala kesho yake. Norbert na watoto watanisubiri hapa, na tukimaliza matanga tutapanda.

Mdogo wako,
Émilienne